Homa ya njia ya Kabambare na wanawake waliofuata majeshi

Mwezi wa Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo akiwa na umri wa miaka 30. Homa iliyomuua ndiyo aliyokuwa akiichunguza. Yeye na mwenzake John Lancelot Todd walikuwa wametumwa Kongo na Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool kuchunguza malale, na humo safarini wakakutana na homa nyingine, ile inayoletwa na kimputu, mdudu ambaye Watanzania humwita papasi. Bakteria wa homa hiyo wanaitwa hadi leo Borrelia duttonii, kwa kumkumbuka daktari huyo. Lakini kuna wanawake waliolala miaka mingi kwenye sakafu za udongo za njia ya Kabambare, ile iliyotoka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo, wakibeba mizigo ya majeshi na watoto mgongoni, nao hakuna aliyewahesabu. Hao ndio ninaotaka wakumbukwe.

Kimputu hakai porini. Anaishi katika vumbi la sakafu ya udongo na nyufa za kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla aliyelala hajajua lolote. Anaweza kukaa miaka bila kula. Zaidi ya hayo, Dutton na Todd walionyesha kwamba hata watoto wake, walioanguliwa kutoka mayai ya mama mwenye ugonjwa, wanaweza kuambukiza. Kwa hiyo banda lililoachwa tupu tangu msafara uliopita halikuwa salama kwa msafara uliofuata.

Na misafara ilikuwa mingi. Kutoka Ujiji watu walivuka Ziwa Tanganyika, wakapita Kabambare, wakashuka Kasongo na Nyangwe. David Livingstone, aliyeandika jina la Kabambare kama Bambarre, alikwama hapo kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 kwa vidonda vya miguu. Katika daftari zake za siku hizo alieleza safura, maradhi ya watu wanaokula udongo: miguu huvimba, pumzi hukatika, damu hupungua mwilini. Alitaja kwamba wanawake wa Manyema, hasa wajawazito, walisemekana kuula udongo huo. Ni sentensi chache tu, lakini kwangu zina thamani kubwa, kwa kuwa wasafiri wengi wa zama zile waliandika kuhusu pembe za ndovu na bunduki bila kumtazama mwanamke mjamzito hata mara moja.

Kisha yakaja majeshi. Askari wa Dola Huru ya Kongo chini ya ofisa Mbelgiji Francis Dhanis waliuteka Kasongo Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Askari hao walifuatana na wake zao. Wanawake walibeba vyungu na mikeka, wakatafuta muhogo na kuni, wakapika, wakauguza majeruhi. Mwaka 1916, Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilipoelekea Tabora chini ya Jenerali Tombeur, wanawake wa askari walikuwa tena njiani, pamoja na umati wa wapagazi. Ile ilikuwa kazi ya jeshi, hata kama hawakuvaa sare. Ofisa wa Kizungu alilala juu ya kitanda cha safari, ndani ya hema. Mke wa askari alitandika mkeka chini. Tangu 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, aliyeikuta homa ya kimputu kwenye njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuwa ameshauri wasafiri wasilale katika mabanda na kambi za zamani. Ushauri ule ulimfaa mwenye hema.

Homa ya kimputu hupanda ghafla, hushuka baada ya siku chache, halafu hurudi, na kurudi tena. Kwa mjamzito ni balaa, maana bakteria huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Utafiti wa wajawazito wenye homa hiyo huko Sengerema, Tanzania, uliochapishwa 1997, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati, na kati ya kila vichanga 1,000, zaidi ya 400 walipotea. Hao walikuwa na hospitali karibu. Mke wa askari wa 1894 aliyeharibu mimba kati ya Kabambare na Kasongo aliinuka kesho yake akajitwika chungu.

Leo wanawake wa Kabambare bado wanalala chini. Mapigano ya wanamgambo wa Mai-Mai kandokando ya Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya yamewatoa wengi majumbani mwao. Mashariki mwa Kongo wako pia wanawake waliokuwa ndani ya makundi yenye silaha, wapishi, wabeba mizigo na wapiganaji, ambao mpango wa serikali wa kuwapokonya watu silaha, P-DDRCS, ulioundwa 2021, unapaswa kuwapokea. Bunduki zinapohesabiwa, kila mmoja wao aulizwe pia alilala wapi, na mimba ngapi zimetoka.

Na apimwe homa ya kimputu, kwa kuwa kipimo cha haraka cha malaria hakimwonyeshi bakteria wake. Tone la damu likiwekwa chini ya darubini wakati homa imepanda, mtaalamu mwenye jicho zuri humwona akijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Dawa zipo, na si za gharama kubwa: kwa mjamzito hutumika penisilini au erithromaisini, na baada ya dozi ya kwanza awekwe chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu homa huweza kupanda kwa nguvu kabla ya kutulia.