Poka ya mtandaoni kwa pesa: hukumu yake, hesabu yake na njia ya kuiacha



Alhamdulillah. Tunaulizwa na wazazi, na vijana wenyewe, kuhusu mchezo wa karata uitwao poka, unaochezwa kwa pesa kwenye simu. Wanaoucheza husema: "Hii si kamari, ni akili. Anayejifunza kuamua vizuri hushinda." Tumeona tuieleze hoja hii, kwani ndiyo inayowapoteza wengi.

Unavyochezwa

Kila mchezaji huweka pesa mezani. Katika aina iliyoenea zaidi, hupewa karata mbili za siri, kisha hufunuliwa karata tano za wote. Kila hatua huamua: aongeze dau, alingane na mwenzake au atupe karata zake. Mshindi huchukua fungu lote, baada ya kampuni kukata chake.

Je, ujuzi unaihalalisha?

Ujuzi upo, hatukatai. Mwenye hesabu, akicheza muda mrefu, humshinda asiyejua. Lakini hukumu haikufungamana na ujuzi. Wanachuoni wanaangalia hili: kila mmoja ametoa mali, na kila mmoja ima atachukua cha mwenzake, ima atapoteza chake. Hiyo ndiyo maysir, aliyoiharamisha Allah Subhaanahu wa Ta'ala katika Suratul Maaidah, Aya ya 90 na 91, pamoja na ulevi. Humo imetajwa kuwa shetani huitumia kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na dhikri na Swala.

Basi ujuzi unamzidishia mtu tu uwezo wa kula mali ya mwenzake. Hakuna bidhaa iliyouzwa wala kazi iliyofanywa. Mashindano ya dau yaliyoruhusiwa katika Hadithi ni ya mishale, ngamia na farasi, karata hazimo.

Hesabu ya meza

Tuchukue mfano. Watu sita wameweka shilingi 20,000 kila mmoja: jumla 120,000. Tuseme kila mkono una fungu la 10,000 na kampuni inakata asilimia 5, yaani 500. Kwa mikono 60 kwa saa, kampuni imechukua 30,000. Kwa saa nne imechukua 120,000, yaani kiasi kile kile walichokuja nacho wote sita. Ndiyo maana wachezaji huongeza pesa kila mara. Anayeondoka na faida ameitoa mifukoni mwa wenzake.

Na uamuzi mzuri hauna dhamana. Mwenye ree mbili, mbele ya mpinzani mmoja mwenye wafalme wawili, hushindwa takriban mara 18 katika 100. Hakukosea, na pesa zimekwenda. Hapo hasira hupanda, akataka kurudisha alichopoteza, na pesa ya ada ya skuli ikafuata.

Uamuzi ulio bora ni ule wa kabla ya kukaa mezani.

Aliyekwisha cheza afanye nini?

Kwanza, aache hapo hapo, ajute na aazimie kutorudi. Asiseme, "Nikirudisha changu nitaacha". Huko ni kuendelea.

Pili, faida aliyonayo si yake. Akimjua mwenyewe amrudishie. Asipomjua, na mtandaoni mara nyingi hajulikani, aitoe kwa mafakiri au maslahi ya Waislamu kwa nia ya kujitakasa nayo, si kwa kutaraji thawabu za sadaka.

Tatu, afute programu, afunge akaunti, na kwa muda pesa zake zishikwe na mtu anayemuamini, kama mke, mama au kaka.

Nne, ikiwa alitumia pesa za nyumbani au amana ya watu, ni deni shingoni mwake. Awaambie wenyewe, apange kulipa.

Kwa wazazi na wake

Angalieni dalili: kukesha na simu, kukopa kopa, kuchelewa Alfajiri, ukali anapoulizwa habari za pesa. Msianze kwa kumfedhehesha mbele ya jirani, maana anayeaibishwa huficha zaidi. Mkalisheni faragha, msikilizeni, mwiteni na shekhe anayemheshimu. Na madeni yake msiyalipe kimya kimya bila ya yeye kuacha, kwani mtakuwa mnamjazia meza.

Mlango wa toba uko wazi. Tunamuomba Allah azilinde nyumba zetu na aturuzuku cha halali, kingawa kidogo.

Wallaahu A'lam.