Dawa Inayoamshwa na Adui

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba dawa ya virusi ni ndoto tu. Na hoja yao ilikuwa na mantiki. Bakteria ana ukuta wake, kwa hiyo penisilini huuvuruga ukuta huo bila kugusa seli za mgonjwa, ambazo hazina ukuta kama ule. Kirusi je? Hakina jiko wala sufuria. Kinaingia kwenye seli ya mtu na kupikia vyombo vya mwenye nyumba. Ukivunja vyombo, umemmaliza na mwenyewe.

Aliyelifungua fundo hili ni Gertrude Elion, mzaliwa wa New York, 1918. Akiwa na miaka 15 alimwona babu yake akifa kwa saratani, akaamua kusomea sayansi. Maabara zikamkataa, eti ni mwanamke. Hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu. Mwaka 1944 akapata kazi kwenye kampuni ya Burroughs Wellcome, kwa George Hitchings, wakatengeneza matofali bandia ya DNA.

Miaka ya 1970 kundi lake, pamoja na Howard Schaeffer, likaja na asaiklovia. Ni tofali bandia lisilo na mahali pa kushikia tofali linalofuata, kwa hiyo DNA ya kirusi ikilipokea, ujenzi unakwama hapo hapo. Lakini utamu wenyewe uko hapa: dawa huingia mwilini ikiwa imelala. Ili iamke lazima ipachikwe fosfeti, na ile ya kwanza seli nzima karibu haiwezi kuipachika. Virusi vya malengelenge vina kimeng'enya chao kinachoipachika upesi. Yaani mwizi anaufyatua mtego kwa mkono wake mwenyewe!

Marekani iliiidhinisha mwaka 1982. Nobel ikaja 1988. Homa ya ubongo ya virusi hivyo, iliyokuwa ikiua takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wasiotibiwa, ikapata mpinzani. Leo hata mwenye mkanda wa jeshi hupewa vidonge hivyo.

Ila ushindi haujakamilika. Virusi hivi hujificha kwenye mishipa ya fahamu, vikalala miaka. Vikilala, mtego hauna wa kumnasa. Hata hivyo Elion alibadilisha swali: badala ya kuuliza tuvunje chombo gani cha mwenye nyumba, tuuliza mgeni amekuja na kifaa gani mfukoni.