Presha, na lile neno "mmejitakia"

Kila mjadala wa pesa za afya ukiwaka hapa Kenya, haupiti muda kabla mtu hajasema: "Haya ni magonjwa ya mtindo wa maisha." Ukilitafuna vizuri, maana yake ni mmejitakia, basi jilipieni dawa. Upande wa pili unajibu ati babu zetu hawakuwa na presha, turudie mboga za kienyeji tuachane na tembe. Sitaji mtu wala chama. Nataka tuangalie historia tu, kwa sababu sehemu kubwa yake ilipimwa hapa hapa kwetu.

Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha makala katika jarida la Lancet. Alikuwa amekaa kama miaka miwili Kavirondo Kusini, upande wa Kisii na Nyanza Kusini ya leo. Alipima presha ya watu kama 1,000. Kati ya wagonjwa karibu 1,800 waliolazwa hospitalini, hakuna hata mmoja aliyepatikana na presha ya juu. Na wakati presha ya Wazungu ilipanda kadiri walivyozeeka, ya wazee wa Kavirondo ilikuwa inashuka baada ya miaka 40.

Kwa hivyo wa mboga za kienyeji wako na hoja? Nusu. Donnison baadaye, mwaka wa 1937, aliandika kitabu kizima kuhusu ustaarabu na magonjwa. Mimi hilo neno "ustaarabu" hunikwaza. Limebeba dhana ya kikoloni kwamba Mwafrika wa kijijini hakuwa na mawazo ya kumnyima usingizi. Jameni, hawa ni watu waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba, na miaka kumi tu nyuma vijana wao walikuwa wamebebeshwa mizigo ya vita katika ile Carrier Corps iliyotuachia jina la Kariokor. Mawazo yalikuwepo, tena tele.

Tuje miaka ya 1960. Watafiti waliwapima vijana wa Kisamburu, wafugaji, waliojiunga na jeshi. Nyumbani walikuwa wakiishi kwa maziwa kwa wingi, na presha yao ilikuwa chini. Jeshini wakala chakula cha jeshi, chenye chumvi nyingi kuliko walivyozoea. Presha ikapanda. Na hawa si watu wa kukaa kwenye kochi, ni wanajeshi! Wanakimbia kila asubuhi.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni ule uliochapishwa mwaka wa 1990 katika British Medical Journal. Watafiti, Wakenya wakiwemo, waliwafuata Wajaluo waliohama kutoka kijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Damu moja, lugha moja, ukoo mmoja. Tofauti ya presha ilianza kuonekana ndani ya mwezi wa kwanza tu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu, yaani ile ya chumvi, imeongezeka, na potasiamu, ambayo tunaipata kwenye viazi vitamu, ndizi na mboga, imepungua.

Mwezi mmoja! Hebu niambie, katika mwezi huo mtu amejitakia nini? Amekuja kutafuta kazi. Analala chumba kimoja na wenzake wanne, anatoka saa kumi na moja asubuhi, anakula alichopikiwa kibandani kwa bei anayoweza. Chumvi haikuwekwa na yeye. Nakubali, kuna ya kujitakia: sigara, pombe, ile chumvi mbichi tunayomwagia chipo hata kabla hatujaonja. Lakini ukiwalaumu watu kwa mji waliohamia, utakuwa hujasoma hiyo karatasi.

Sasa dawa. Wa "turudi kwa mababu" wanasahau kwamba mtu akishapata presha, mara nyingi mboga peke yake hazitoshi. Dawa za kutoa maji mwilini zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado ni kati ya dawa za bei nafuu. Captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil. Siku hizi inajaribiwa sindano iitwayo zilebesiran, ambayo dozi moja inaweza kushusha presha kwa karibu miezi sita. Ni habari njema, lakini sisi hata kupimwa ni shida. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Kwa hivyo mwanasiasa akisimama tena na "mtindo wa maisha", muulizeni mambo mawili: chumvi iliyo kwenye mkate na vyakula vya pakiti inadhibitiwa na nani, na tembe za kila mwezi ziko zahanati gani.

Mimi nauliza kwa sababu Mama alihamia Nairobi mwaka wa 1984, na ana presha. Juzi nilimuuliza mbona tembe za mwezi mmoja zimefika miezi miwili. Alinionyesha kisu kidogo anachozikatia.