Chujio la oili

Chujio la oili (mafundi wengi husema filta ya oili) ni kifaa kinachonasa uchafu katika oili inayozunguka ndani ya injini. Uchafu huo ni masizi ya mwako, vumbi lililoponyoka kwenye chujio la hewa, na unga wa metali unaotokana na vipuri vinavyosuguana. Gari la kawaida linaloendeshwa taratibu huvumilia chujio la wastani kwa muda mrefu. Gari la kasi halivumilii hivyo: oili yake hupata joto kubwa zaidi, pampu husukuma oili nyingi zaidi, na beringi hubeba mzigo mzito. Mfano unaotumika zaidi katika makala hii ni injini za Subaru za aina ya EJ zenye tabo, zilizofungwa katika Impreza WRX na WRX STI na zinazojulikana sana nchini Kenya, ambako Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa kuendesha Impreza.

Historia

Magari ya mwanzo hayakuwa na chujio la oili. Mwenye gari alilazimika kumwaga oili mara kwa mara. Mwaka 1923 Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni chujio lililoitwa Purolator, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Machujio ya zamani yalikuwa ya pembeni, yaani sehemu ndogo tu ya oili ilipita humo na iliyobaki ilikwenda moja kwa moja kwenye injini. Baadaye mfumo ulibadilishwa ili oili yote ichujwe kabla ya kufika kwenye beringi. Chujio la kopo linalofungwa kwa kuzungushwa lilitolewa na kampuni ya WIX mwaka 1954, na ndilo lililoenea duniani. Magari mengi mapya yamerudi kwenye chujio la karatasi tupu linalowekwa ndani ya nyumba yake ya kudumu.

Muundo

Ndani ya kopo kuna karatasi iliyokunjwa kama marinda, kuzunguka bomba lenye matundu. Oili huingia kupitia matundu madogo yaliyo pembeni ya sahani ya chini, hupita kwenye marinda kutoka nje kwenda ndani, kisha hutoka kupitia tundu kubwa la katikati lenye nyuzi za skrubu. Karatasi huweza kuwa ya selulosi, ya nyuzi za kutengenezwa au za kioo, au mchanganyiko wake. Nyuzi za kutengenezwa ni nyembamba na za unene unaolingana, kwa hiyo hunasa chembe ndogo bila kuzuia sana mtiririko, lakini bei yake ni kubwa.

Kuna valvu mbili. Ya kwanza huzuia oili isirudi kwenye sampo injini inapozimwa. Ni utando wa mpira. Ule wa nitrili hukauka na kuwa mgumu kwa joto la muda mrefu, ule wa silikoni hubaki laini. Ikishindwa kazi, injini hugonga kwa sekunde chache kila asubuhi hadi oili ifike juu. Katika EJ chujio huning'inia chini ya injini, tundu likitazama juu, kwa hiyo valvu hiyo haina kazi kubwa. Katika injini za FA na FB zilizofuata, chujio liko juu ya injini na tundu linatazama chini. Hapo utando dhaifu huonekana mapema.

Valvu ya njia ya dharura

Valvu ya pili ndiyo inayoleta ubishi mwingi kati ya wenye magari ya kasi. Oili ikiwa baridi na nzito, au karatasi ikiwa imejaa uchafu, valvu hii hufunguka na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa. Sababu ni rahisi: oili chafu huharibu beringi polepole, lakini beringi isiyo na oili huungua mara moja.

Wengi hudhani kwamba namba iliyoandikwa kwa valvu hii inahusu shinikizo la oili linaloonekana kwenye geji. Sivyo. Inahusu tofauti ya shinikizo kati ya upande mmoja wa karatasi na mwingine. Geji inaweza kusoma psi 80 huku tofauti hiyo ikiwa ndogo sana.

Kwa EJ, Subaru iliweka kiwango cha kilopaskali 160, yaani takriban psi 23. Machujio mengi ya kawaida yenye nyuzi na gasketi zinazoingia kwenye injini hiyohiyo hufunguka kati ya psi 8 na 16. Oili ikishapata moto na karatasi ikiwa safi, tofauti ya shinikizo ni ndogo na chujio la aina yoyote kati ya hayo huendelea kuchuja. Tatizo huja dereva anapokanyaga mafuta kabla oili haijapata moto, au chujio likikaa kupita muda wake. Hapo valvu nyepesi hufunguka mara nyingi zaidi, na uchafu huenda kwenye beringi za konrodi, ambazo katika injini hii si sehemu ya kufanyia majaribio. Kwa sababu hiyo kiwango cha valvu ni jambo la kuangaliwa kabla ya jina la mtengenezaji.

Mahali ilipo valvu pia pana maana. Ikiwa mwisho wa kopo, oili ya dharura huteremka kando ya marinda yenye uchafu na inaweza kuubeba. Ikiwa karibu na sahani ya chini, hupita bila kugusa uchafu huo. Aidha, baadhi ya injini zina valvu hii ndani ya bloku, na machujio yake hayana kabisa. Ukilifunga chujio la namna hiyo kwenye injini isiyo na valvu yake, njia ya dharura haipo tena.

Ubora wa kuchuja

Maandishi ya "mikromita 20" kwenye boksi hayasemi kitu bila asilimia. Hata wavu wa chai hunasa baadhi ya chembe za ukubwa huo. Kipimo kinachokubalika ni cha kiwango cha kimataifa ISO 4548-12, ambapo oili yenye vumbi maalumu huzungushwa kwenye chujio na chembe huhesabiwa kabla na baada. Chembe 1,000 zikiingia na 10 zikitoka, uwiano ni 100, yaani asilimia 99 zimenaswa. Uwiano wa 2 una maana kwamba nusu imepita.

Nafasi kati ya beringi na krenkishafti ni makumi machache tu ya mikromita, na utando wa oili wakati wa mzigo ni mwembamba kuliko hapo. Chembe za mchanga wa barabarani ni ngumu kuliko metali ya beringi, hivyo gari linalotumika kwenye vumbi linahitaji chujio la hewa lisilovuja pamoja na chujio la oili lenye ufanisi wa juu. Hapa machujio yanayouzwa kwa jina la mashindano huwapotosha wanunuzi. Mengi kati yake yametengenezwa kwa ajili ya kopo imara na mtiririko mkubwa, na huruhusu chembe kubwa zaidi zipite, kwa kuwa injini ya mashindano hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Gari la barabarani linalotarajiwa kudumu kilomita 100,000 halina nafuu hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa machujio ya wavu wa chuma yanayooshwa na kurudishwa.

Nyuzi, ukubwa na bandia

EJ hutumia nyuzi za M20 × 1.5. Kuna nyuzi za inchi ¾ zenye mizunguko 16 kwa inchi ambazo kipenyo chake ni milimita 19.05. Chujio la M20 linaweza kuingia kwenye skrubu ya inchi ¾ na kuonekana limekaza, kumbe limeshika kwenye ncha za nyuzi tu. Shinikizo likipanda huweza kufyatuka na kumwaga oili yote kwa muda mfupi. Chujio refu zaidi hubeba uchafu mwingi na kuongeza oili kidogo, mradi lisiguse bomba la moshi, ambalo kwenye EJ huzunguka karibu kabisa na chujio.

Chujio bandia mara nyingi lina marinda machache, gundi iliyokatika mwishoni mwa karatasi, au halina valvu moja. Rangi na boksi huigwa vizuri. Uzito, nyuzi zilizochongwa ovyo na gasketi iliyolegea ni dalili bora zaidi. Nchini Kenya malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na Tanzania na Tume ya Ushindani.

Kufunga na kukagua

Gasketi hupakwa oili mpya, chujio huzungushwa kwa mkono hadi gasketi iguse, kisha huongezwa takriban robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha gasketi ya zamani haikubaki kwenye bloku. Gasketi mbili zikikutana huvuja, na kwenye EJ oili hiyo hudondokea kwenye bomba la moshi lenye moto na inaweza kuwaka.

Baadhi ya modeli za EJ zenye tabo zina vichujio vidogo vya wavu ndani ya boliti za bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Vikiziba, tabo hukosa oili hata kama chujio kuu ni jipya.

Mafundi wa magari ya mashindano hulikata kopo la zamani kwa kikata maalumu, si kwa msumeno unaoacha unga wake wa chuma, kisha hutandaza marinda chini ya mwanga. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, hasa kwa injini mpya. Vipande vinavyong'aa ambavyo havishikwi na sumaku huelekeza kwenye beringi au pistoni, na rangi ya shaba huonyesha kwamba tabaka la juu la beringi limekwisha. Injini ya namna hiyo huzimwa na kufunguliwa kabla konrodi haijatoboa bloku.