Jina Ruanda katika Orodha za Nyaraka: Suala la Historia na la Istilahi

Jina moja laweza kuwa la mahali pengi. Katika mazungumzo jambo hilo halimsumbui mtu, lakini katika maktaba na hifadhi za nyaraka huleta matatizo makubwa. Mfano mzuri ni jina Ruanda. Iko kata ya Ruanda katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Iko nyingine katika Jiji la Mbeya, na nyingine tena katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi Ruanda ilikuwa tahajia ya kawaida ya jina la nchi jirani ambayo leo huandikwa Rwanda. Makala haya yataeleza jinsi wakutubi na watunza nyaraka walivyolikabili tatizo hilo, na kwa nini njia ya sasa inadai istilahi zilizopimwa kwa uangalifu.

Tuanze na nyaraka zenyewe. Mwaka 1907 Wajerumani walimweka Richard Kandt awe mwakilishi wao mkaazi huko Kigali. Kwa hiyo, atakayekuta jina Ruanda katika jalada la utawala wa Kijerumani, mara nyingi atakuwa amekuta habari za ufalme ule, wala si za Mbozi. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki Dar es Salaam yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1963, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyaraka nyingine za koloni hilo zimo Berlin. Za utawala wa Kiingereza zimo Dar es Salaam na London. Na za Wamoraviani, walioanzisha misheni Mbozi mwaka 1899, zimo Herrnhut, Ujerumani. Historia ya eneo moja, basi, imetawanyika katika miji kadhaa na katika lugha zaidi ya moja.

Mipaka nayo imebadilika. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Kimondo cha Mbozi, kilichojulikana kwa wanasayansi mwaka 1930 na ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16, hakikusogea hata hatua moja. Lakini vitabu vya kabla ya mwaka 2016 hukitaja kuwa cha Mbeya, na vya baadaye kuwa cha Songwe. Kwa upande mwingine, Uwanja wa Ndege wa Songwe umo katika Mkoa wa Mbeya.

Katika enzi ya kadi, mkutubi alitatua tatizo la majina kwa kuongeza neno: Ruanda, Mbozi, Ruanda, Mbinga. Njia hiyo ilifaa ndani ya chumba kimoja, ambamo mkutubi mwenyewe alijua alichokusudia. Katika miaka ya 1960 Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuhamisha kadi zake katika kompyuta. Kazi ikawa ya haraka zaidi, lakini jina lilibaki kuwa mfuatano wa herufi tu, na mashine ililinganisha herufi bila kujua mahali palipotajwa.

Mwaka 2006 Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, alitoa kanuni nne. Kila kitu kipewe kitambulisho chake. Kitambulisho hicho kiwe anwani ya wavuti inayoweza kufunguliwa. Anayeifungua apate maelezo yaliyoandikwa kwa utaratibu unaokubalika. Na maelezo hayo yaelekeze kwenye vitambulisho vya vitu vingine. Orodha ya pamoja ya maktaba za Sweden ilitolewa kwa njia hiyo mwaka 2008, na vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2009. Kwa upande wa nyaraka, Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilitoa mwaka 2023 toleo kamili la kwanza la kielelezo chake cha kueleza nyaraka pamoja na mazingira yake.

Mwalimu wa sarufi hatapata shida kuuelewa utaratibu huu. Kila kauli ina sehemu tatu, kama sentensi sahili: kiima, kitenzi na shamirisho. “Jalada linataja Ruanda ya Mbozi.” “Misheni ilianzishwa Mbozi.” Kauli elfu za namna hiyo, zikiwa Dar es Salaam, Berlin na Herrnhut, zikitumia kitambulisho kilekile, husomeka kama orodha moja ingawa hakuna karatasi iliyohamishwa.

Tuziiteje data hizo? Wapo watakaopendelea “data viungo”, lakini neno kiungo lina kazi nyingi mno, tangu mwilini hadi jikoni. “Data unganishi” nayo yadokeza kwamba data ndizo zinazounganisha vitu vingine. Tunaonelea kuwa “data zilizounganishwa” ndiyo istilahi ifaayo, kwa sababu kauli ya kutendwa humkumbusha msomaji kwamba yupo aliyeunganisha, naye aweza kuulizwa.

Lililo zito zaidi ni kitenzi kinachoonyesha kuwa vitambulisho viwili ni vya kitu kimoja. Mfasiri mwenye haraka ataandika “ni sawa na”. Hapa pana hatari. Watu wawili waweza kuwa sawa kwa kimo wasiwe mtu mmoja; na kata tatu zaweza kuwa sawa kwa jina zisiwe mahali pamoja. Kinachotakiwa ni “ndiyo ileile”. Mkutubi akiandika kwamba Ruanda ya Mbozi ndiyo ileile Ruanda ya Kandt, mashine haitamsahihisha; itaieneza kauli hiyo kila mahali orodha yake inakosomwa. Kosa la kadi lilibaki katika droo moja, lakini kosa la data zilizounganishwa husafiri.

Hapana budi, basi, kazi hii ianze na watu wanaoyajua majina: walimu, maofisa wa kata na wazee wa mahali. Pasipo wao, mwanafunzi wa Mbozi atakayetafuta habari za Ruanda yao ataletewa historia ya nchi nyingine, naye atadhani kwamba kwao hapakuandikwa kitu.