Vijana wa Mbao (Sehemu ya Kwanza)

Aprili 2017. Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Kipindi cha pili kinayoyoma.

Mbao FC 2, Simba 0.

Rudia kusoma. Hujakosea. Mbao mbili, Simba sifuri.

Simba hii ndiyo iliyokuwa ikiusaka ubingwa wa Ligi Kuu kwa udi na uvumba, ikipumuliana visogoni na Yanga. Na Mbao hii ndiyo iliyokuwa na msimu wake wa kwanza kabisa Ligi Kuu, timu ambayo Dar es Salaam wengi walikuwa bado wanauliza: hawa wametokea wapi?

Vijana wa Mwanza wanatakiwa kufanya jambo moja tu. Walinde. Waubutue mpira ufike hata mwaloni, si ziwa liko jirani pale?

Je, watalinda?

Subiri kwanza, msomaji wangu. Nikikujibu sasa hivi utapata matokeo tu, hutapata utamu wala uchungu wake. Lazima ujue vijana hawa walivyofika hapo uwanjani. Maana hawakupita mlango wa mbele.

Mwanza si ngeni kwenye soka. Muulize mzee yeyote wa Kirumba au Nyamagana akusimulie habari za Pamba, TP Lindanda, Wana Kawekamo, timu iliyowahi kuwanyima usingizi vigogo wa Dar na kuvuka mipaka kucheza mashindano ya Afrika mwaka 1990. Muulize pia kuhusu Toto Africans, wana Kishamapanda. Macho yatamng'aa.

Lakini Pamba ilishuka daraja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na haikurudi haraka. Jiji la Miamba likabaki na Toto, timu ya kupanda na kushuka, kushuka na kupanda.

Mbao? Mbao ilikuwa timu ya mtaani iliyopewa moyo na wafanyabiashara wa mbao. Haikuwa na jengo la kifahari, haikuwa na basi la kutisha. Ilikuwa na vijana.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe.

Msimu wa 2015/16 Mbao walikuwa Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C. Timu moja tu ingepanda. Siku ya mwisho ilipofika, macho ya watu hayakuwa kwa Mbao hata kidogo. Yalikuwa kwa Geita Gold na Polisi Tabora, zilizokuwa zikigombea nafasi hiyo kwa hesabu za mabao.

Unajua Geita Gold walishinda mangapi siku hiyo? Manane kwa bila dhidi ya JKT Kanembwa.

Na Polisi Tabora? Saba kwa bila dhidi ya JKT Oljoro.

Mabao kumi na tano, viwanja viwili, alasiri moja. Hata mtoto anayeuza karanga jukwaani angeguna.

TFF nayo iliguna. Kamati ikakaa, ikachunguza, ikasema matokeo yale yalipangwa. Timu zote nne zikaadhibiwa kwa kushushwa daraja. Kundi likabaki bila wakubwa wake, na tiketi ya Ligi Kuu ikaangukia mikononi mwa waliokuwa wamekaa kimya pembeni.

Mbao FC.

Wengine walisema wamebahatisha. Wakasema timu iliyopandishwa na uamuzi wa kamati itarudishwa chini na uwanja, tena mapema tu. Mimi nasema timu iliyokataa kupanga matokeo wakati wengine wakipanga haikubahatisha chochote. Lakini ligi haiangalii ninavyosema mimi. Ligi inaangalia pointi.

Kocha alikuwa Etienne Ndayiragije, mtu wa Burundi. Hakupewa fungu la kununua majina makubwa. Alipewa vijana waliokuwa hawajulikani na wageni wachache wasio na sifa magazetini, akaambiwa apambane.

Nakupa majina manne. Yaandike kwenye karatasi kwa kalamu, utayahitaji kabla hujamaliza kusoma. Pius Buswita. Jamal Mwambeleko. Emmanuel Mseja, kipa. Na Asante Kwasi, beki kutoka Ghana.

Umeandika? Haya, turudi Kirumba.

Mbao 2, Simba 0, saa inakimbia. Na kumbuka Simba walikuwa wametoka kuchapwa na Kagera Sugar kwa mabao 2-1 pale Kaitaba, Bukoba. Kufungwa Bukoba, kisha kufungwa Mwanza? Ziwa lingekuwa limeumeza ubingwa wao mzima mzima.

Mashabiki wa Mbao wakaanza kuimba. Mapema mno.

Frederic Blagnon, mshambuliaji wa Simba kutoka Ivory Coast, akafunga. 2-1.

Sawa, bao moja si kitu. Tulieni, vijana.

Blagnon akafunga tena. 2-2.

Kirumba kimya. Lakini pointi moja mbele ya Simba bado ni pointi. Inabaki dakika za kuokoteza tu. Refa ana filimbi mdomoni. Piga basi, refa!

Hakupiga. Mzamiru Yassin akaukuta mpira. 3-2 kwa Simba.

Unaweza kufikiria chumba cha kubadilishia nguo cha Mbao jioni ile? Vijana waliokuwa na Simba mkononi, wakamwachia atoroke katika dakika za lala salama. Timu nyingi changa hufia hapo. Baada ya kipigo cha namna ile miguu inakuwa mizito, kila mpira unaogopesha.

Na jedwali la ligi halikuwa na huruma. Timu kumi na sita, tatu zinashuka. Mwanza ilikuwa na timu mbili, Mbao na Toto, na zote mbili zilikuwa zinachungulia shimo. Jiji zima lingeweza kubaki bila timu Ligi Kuu.

Lakini nilikuficha jambo. Wakati ligi ikiwatesa, kulikuwa na njia nyingine ambako Mbao walikuwa wakitembea bila kelele. Kombe la Shirikisho, ambalo wengi tunaliita Kombe la FA.

Robo fainali, Mbao wakawatoa Kagera Sugar. Ndiyo, haohao waliowachapa Simba.

Nusu fainali, Aprili 30, ikaja Yanga. Bingwa mtetezi wa kombe hilohilo. Yanga yenye mishahara ambayo pengine ingeendesha Mbao misimu kadhaa. Wakapangwa kucheza Kirumba.

Dakika tisini baadaye ubao ulisomeka hivi: Mbao 1, Yanga 0.

Bao lenyewe walijifunga Yanga. Haidhuru. Mpira uliovuka mstari umevuka mstari, na kulilinda bao moja mbele ya Yanga kwa muda wote uliobaki hakuna aliyewasaidia. Wiki tatu tu baada ya kuporwa ushindi na Simba, vijana walewale safari hii walijua kulinda.

Mbao fainali! Na mpinzani wao? Simba, waliokuwa wamewatoa Azam. Nani mwingine?

Unadhani sasa nitakupeleka Dodoma kwenye fainali moja kwa moja? Hapana. Kuna siku moja katikati ambayo siwezi kuiruka.

Mei 20, siku ya mwisho ya ligi. Yanga wanarudi Kirumba. Wako mbele ya Simba kwa pointi tatu na kwa tofauti kubwa ya mabao. Simba wako Dar es Salaam wakicheza na Mwadui huku roho ziko Mwanza.

Tena Simba walikuwa na donge. Baada ya kile kipigo cha Bukoba walikata rufaa wakidai Kagera Sugar walimchezesha beki Mohamed Fakhi akiwa na kadi tatu za njano. Wakapewa pointi tatu. Kisha wakanyang'anywa. Nchi ikagawanyika vijiweni, kwenye daladala, hata misibani. Pointi hizo tatu ndizo zilizokuwa zinatenganisha timu hizo mbili asubuhi ya Mei 20.

Na Mbao? Mbao hawakuwa na habari na ubingwa wa mtu. Wao walikuwa wanapigania kubaki.

Kwa hiyo watu wa Simba nchi nzima, waliowakatili vijana hawa mwezi mmoja tu uliopita, sasa wakawa wanawaombea dua. Soka haina aibu.

Mbao wakashinda. 1-0 tena. Yanga wakafungwa Kirumba mara mbili ndani ya wiki tatu, na timu ileile iliyosemwa imepanda kwa bahati.

Dar es Salaam, Simba wakawafunga Mwadui 2-1. Pointi zikalingana, 68 kwa 68. Na bado Yanga wakawa mabingwa, kwa tofauti ya mabao, wakichukua taji la tatu mfululizo siku waliyofungwa.

Mbao wakabaki Ligi Kuu. Toto Africans wakashuka, pamoja na JKT Ruvu na African Lyon. Sitaki kulipita hili haraka. Jioni ile Mwanza ilikuwa na furaha na msiba kwa pamoja, na kuna nyumba ambamo kaka alikuwa anashangilia Mbao sebuleni wakati mdogo wake analia Toto chumbani.

Sasa twende Dodoma.

Mei 27, Uwanja wa Jamhuri. Simba na Mbao. Aliyeshinda anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa Simba ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kurudi michuano ya Afrika baada ya miaka mingi ya kuikosa. Kwa Mbao, timu iliyokuwa Daraja la Kwanza mwaka uliotangulia, ilikuwa ndoto ambayo hata kuisema kwa sauti walikuwa wanaogopa.

Dakika 90. Sifuri kwa sifuri.

Umeona? Safari hii hawakuachia kitu. Zikaongezwa dakika 30.

Dakika ya 95, Blagnon. Blagnon tena! Vijana wa Mwanza walimkosea nini mtu huyu? 1-0 Simba.

Hapo ndipo wengi wakaanza kukunja mabango. Kikosi kichanga, miguu imekufa ganzi, msimu mzima mgongoni. Nani angewalaumu?

Dakika ya 109, Ndaki Robert akasawazisha.

Moja kwa moja! Zimebaki dakika kumi na moja, na penalti zinanukia. Kwenye penalti hakuna mdogo wala mkubwa.

Dakika zikaisha moja baada ya nyingine. Mia na kumi na tano. Mia na kumi na nane. Watu wakaanza kuhesabu nani atapiga ya kwanza.

Kisha refa akanyoosha mkono kuelekea kwenye doa.

Penalti kweli. Lakini si zile walizokuwa wakizisubiri. Ilikuwa ya Simba, mchezo ukiwa ukingoni kabisa.

Shiza Kichuya akauweka mpira. Akarudi nyuma. Akapiga.

Simba 2, Mbao 1. Kombe likaenda Msimbazi.

Najua unachotaka kusema. Kwamba hadithi imeisha, vijana wamejitahidi, tupige makofi tuondoke. La hasha. Kaa.

Maana wakati basi la Mbao linarudi Mwanza, simu zilikuwa zimeshaanza kulia. Dar es Salaam ilikuwa imewaona vijana. Na Dar ikishamwona kijana wa mkoani haimwachi hivihivi.

Toa ile karatasi uliyoandika majina.

Mwambeleko, Simba. Futa.

Mseja, Simba. Futa.

Kwasi, akaenda Lipuli ya Iringa, na kabla mwaka haujaisha naye yuko Simba. Futa.

Na kocha Ndayiragije? Miaka miwili baada ya fainali ile alikabidhiwa Taifa Stars.

Hasira yangu ni hii. Timu inamwokota kijana ambaye hakuna anayemtaka, inamlea, inampa dakika mbele ya Simba na Yanga, na siku anapoiva anaondoka huku iliyomlea ikianza upya na shamba tupu. Simlaumu kijana anayekwenda kutafuta riziki bora. Lakini mpira wetu hauwezi kuwa na mavuno kila mwaka kama aliyelima haachiwi hata mbegu.

Limebaki jina moja kwenye karatasi yako, siyo?

Pius Buswita.

Huyu hakutakwa na Simba peke yake. Alitakwa na Yanga pia. Na katikati ya mwaka 2017, dirisha la usajili likiwa wazi na nchi nzima ikibishana atavaa nyekundu au kijani, faili lake likatua mezani kwa kamati ya TFF. Ndani yake kulikuwa na mkataba wa Simba wenye saini ya Buswita.

Na mkataba wa Yanga. Wenye saini ya Buswita.

Kamati ikafunga mlango, ikajadili, ikatoka na uamuzi uliomfanya kijana huyo wa Mwanza aone kama maisha yake ya soka yamekwisha kabla hayajaanza.

Ni uamuzi gani? Nani alirudisha fedha ili mlango ufunguliwe, na hatimaye alivaa jezi ya rangi gani? Jumamosi ijayo, ukurasa huuhuu. Karatasi yako usiitupe.