Pombe Ilikuwa ya Wazee

Msomaji, ukiwauliza wazee wa Mbumbuni habari za vijana wanaolewa, wengi watakujibu kwamba zamani jambo hili halikuwako. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, na mtu asomaye historia hana budi kulipima kabla ya kulipokea. Mbumbuni ni mji mdogo wa soko upande wa Mbooni, katika Makueni. Mpaka mwaka 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Kwa hiyo mambo yake ya kale hutafutwa katika habari za Machakos.

Wakamba walikuwa na pombe tangu kale. Iliyotukuzwa ni kaluvu, iliyotengenezwa kwa asali au kwa maji ya miwa. Asali ilichanganywa na maji katika kibuyu, likatiwa tunda lililokauka la mti uitwao muatine, kisha kibuyu kikawekwa karibu na moto mpaka pombe ichachuke. Tunda hilo ndilo lililobeba hamira. Likishatumika lilianikwa, likawekwa akiba kwa siku nyingine. Zingatia jambo moja. Asali haikupatikana kila siku: ilingoja mvua, maua na nyuki, na katika nchi kavu kama Ukambani mvua haiji kwa kuitwa. Basi pombe ilikuwa chache, na kitu kichache hakikosi wenyewe.

Wenyewe walikuwa wazee, walioitwa atumia. Vijana wa kiume, yaani anake, walicheza ngoma, walilinda mifugo na kusafiri mbali, lakini pombe haikuwa yao. Hata aliyekwisha kuoa alingoja apande daraja la wazee, na daraja hilo lililipiwa kwa mbuzi na kwa pombe yenyewe. Ilinywewa mahari ilipozungumzwa, kesi ilipokatwa na mizimu ilipotambikiwa. Haikuuzwa dukani. Kijana hakuwa na mahali pa kuinunua, hata kama angekuwa na cha kununulia. Naona hili ndilo lililomlinda kijana wa zamani, kuliko wema wa moyo wake, ambao sidhani ulipita wema wa vijana wa leo. Tena desturi hiyo ilikuwa na dosari ambayo wazee hawapendi kuitaja: ilimfundisha kijana kwamba kunywa ni alama ya utu uzima. Alikatazwa kibuyu, lakini alifundishwa kukitamani.

Mwaka 1899 reli ilivuka Ukambani ikafika Nairobi. Nyuma yake zikafuata kodi, maduka na kazi ya mshahara. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza kutengeneza sukari, na sukari, tofauti na asali, haingoji maua. Mtu aliweza kutengeneza pombe wiki yoyote aliyotaka. Na fedha zilikuwa mikononi mwa nani? Zilikuwa mikononi mwa kijana aliyetoka kazini Nairobi au Mombasa, au katika jeshi la K.A.R., ambalo askari waliliita Keya, na ambalo Wakamba waliingia kwa wingi. Kijana huyo alirudi nyumbani akiwa na shilingi ambazo baba yake hakuwa nazo. Mzee akabaki na amri, kijana akawa na bei.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria. Ile ya mwaka 1937 ilimpa chifu uwezo wa kuzuia utengenezaji wa pombe katika eneo lake. Baada ya uhuru, mwaka 1980, Kenya ilipiga marufuku chang'aa kabisa. Chang'aa haikutoweka, ilijificha, na kinachofichwa hakikaguliwi. Wauzaji waliotaka faida ya haraka walitia methanoli, pombe ya viwandani ambayo mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa jicho kabla ya kumwua mtu. Novemba 2000, watu zaidi ya 130 walikufa Nairobi kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa kipimo chake kiliuzwa shilingi 10. Juni 2005 msiba ulifika Machakos yenyewe: watu wapatao 50 walikufa, na wengine wakapofuka.

Mwaka 2010 Bunge liliifuta ile marufuku ya chang'aa, likaweka sheria mpya ya vileo. Sheria hiyo ilikataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, ikazuia baa kuwa ndani ya mita 300 za shule, na ikakataza pombe ya vipakiti. Hili la vipakiti lataka kuangaliwa. Kibuyu cha kaluvu kilikaa mbele ya wazee, na kila aliyekunywa alionekana. Kipakiti huingia katika mfuko wa sare ya shule. Hata hivyo, Mei 2014 methanoli iliua tena, na safari hii Kitui na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofiwa.

Basi, msomaji, ukikutana na mzee asemaye kwamba zamani vijana hawakunywa, mwamkie kwa heshima, kisha umwulize mambo matatu: alipewa pombe kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, ni nani aliyempa, na ilikuwa imenunuliwa wapi. Yaandike majibu yake pamoja na mwaka.